Kuijua Misuli ya Tabasamu kwa Kioo na Vidole, na Namna ya Kuisaidia Uso Unapolegea Upande Mmoja

Mtu akilegea upande mmoja wa uso, jambo la kwanza ambalo jamaa zake huliona ni kwamba tabasamu lake limekwenda upande, na jambo la kwanza wanalomwambia, kwa mapenzi, ni kwamba ajikaze atabasamu kwa nguvu. Ushauri huo ndio ninaotaka kuuondoa kwa mwongozo huu. Misuli ya tabasamu hairudishwi kwa nguvu. Hurudishwa kwa mwendo mdogo, ulio sawa pande zote mbili, unaofanywa na mtu anayejua ni msuli upi anautaka ufanye kazi na ni upi anautaka utulie. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kuijua misuli yenyewe kwenye uso usio na ugonjwa, na nawaomba wanaomuuguza mgonjwa wajifunze kwanza kwenye nyuso zao kabla ya kumgusa yeye. Nimeyaandika kwa kuwafikiria watu wa Lamu, wa mjini, wa Shela, wa Matondoni na wa vijiji vya kisiwa cha Pate, ambako mtaalamu wa tiba ya viungo hayuko karibu na kila nyumba, na ambako kazi ya kumhudumia mgonjwa humwangukia binti, mjukuu au khalati aliyepo nyumbani.

Mahali, mwanga na kioo

Chagua mahali ambapo mwanga unaupiga uso kutoka mbele. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale, kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, hupokea mwanga kutoka juu, na mwanga wa juu hutia kivuli chini ya mashavu na kuificha mikunjo ileile tunayotaka kuiona, ilhali vyumba vya ndani vina giza mchana kutwa. Ni bora kukaa asubuhi ukielekea dirisha au mlango ulio wazi, mgongo umeegemezwa na kichwa kimesimama wima. Mwanga wa ubavuni usiukubali kabisa, kwa kuwa utaifanya nusu moja ya uso ionekane imelegea hata kama ni nzima. Kioo kitundikwe ukutani au kiegemezwe kwenye kidaka, kwa kimo cha macho, kisishikwe mkononi, kwa sababu mikono yote miwili itahitajika. Simu inaweza kutumika badala ya kioo, lakini ikumbukwe kwamba simu nyingi humwonyesha mtu uso wake kama kioo kinavyomwonyesha, kisha picha ikihifadhiwa huweza kugeuza kulia kuwa kushoto. Andika mahali ni upande gani ulioathirika ili usichanganyikiwe baadaye.

Kata kucha na unawe mikono vizuri, kwa sababu vidole vitaingia mdomoni. Kwa wanaoswali, wakati unaofaa zaidi ni baada ya kutawadha, maana uso umeshaoshwa, mikono ni safi, na nafasi hiyo hujirudia yenyewe kila siku bila kuwekewa saa.

Kioo si cha hiari. Misuli ya mkono na ya mguu ina vihisio ndani yake vinavyoujulisha ubongo kwamba msuli umevutika kiasi gani, ndiyo maana mtu aliyefumba macho anajua kiwiko chake kimekunjwa au kimenyooka. Misuli ya uso ina vihisio hivyo kwa uchache mno, na mingine haina kabisa, kwa hiyo mtu hawezi kupima kwa hisia tu pembe ya mdomo wake imepanda kiasi gani, naye aliyelegea uso atadhani amefanya mwendo mdogo kumbe amevuta upande usiolegea hadi mwisho. Tofauti ya pili ni kwamba misuli mingi ya mwili huunganisha mfupa na mfupa, lakini ya uso huanzia kwenye mfupa na kuishia kwenye ngozi au kwenye msuli mwenzake, na hivyo kila mwendo wake, hata uwe mdogo namna gani, huandikwa juu ya ngozi na kuonekana.

Msuli unaopandisha pembe ya mdomo

Kabla ya kutabasamu, utazame uso ukiwa umetulia kwa dakika moja au mbili. Meno ya juu na ya chini yasigusane, midomo iguse kidogo tu, mabega yashuke. Linganisha kimo cha nyusi, upana wa macho, kina cha ule mkunjo unaoshuka kutoka pembeni mwa pua hadi karibu na mdomo, na kimo cha pembe mbili za mdomo. Hakuna uso ulio sawa kabisa kulia na kushoto, na ni vizuri kuijua tofauti yako ya asili usije ukaihesabu kuwa ugonjwa.

Sasa weka kidole cha shahada juu ya mfupa wa shavu, chini kidogo ya mkia wa jicho, na kidole gumba kwenye pembe ya mdomo ya upande huohuo. Tabasamu polepole bila kuonyesha meno. Utahisi utepe wa nyama ukikaza mshazari kati ya vidole hivyo viwili. Huo ndio msuli wa zigomatiki mkubwa, unaoanzia kwenye mfupa wa shavu na kuishia kwenye pembe ya mdomo, na kazi yake ni kuivuta pembe hiyo juu na nje kwa pamoja. Bila msuli huu hakuna tabasamu la kawaida, na mingine yote nitakayoitaja huusaidia, huupamba au huupinga. Kwa watu wengine umegawanyika sehemu mbili, na ngozi iliyoshikwa kati ya sehemu hizo huingia ndani wanapotabasamu. Hicho ni chanzo kimojawapo kinachojulikana cha vishimo vya mashavuni ambavyo watu huvihesabu kuwa urembo.

Rudia mara tatu au nne, lakini safari hii usimame nusu ya njia, ukae hapo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha urudi taratibu mpaka uso utulie kabisa. Utagundua kwamba kutabasamu sana ni rahisi na kusimama nusu ni kugumu. Usikate tamaa mapema hapa. Kusimama nusu na kurudi polepole ndio ujuzi utakaohitajika baadaye, na asiyeuweza kwenye uso wake mwenyewe hataweza kumfundisha mgonjwa.

Kisha tia kidole gumba kilicho safi ndani ya shavu, kidole cha shahada kibaki nje, kiasi cha sentimita 1 kutoka pembe ya mdomo, na ubane kwa upole huku ukiviringisha. Utakutana na kifundo kigumu kidogo kuliko nyama inayokizunguka. Wataalamu hukiita modiolasi, na hapo ndipo misuli kadhaa ya mdomo na shavu hukutana na kushikana: inayopandisha, inayoshusha, inayovuta pembeni na ile inayouzunguka mdomo. Kifundo hiki kikumbukwe vizuri, kwa sababu ndicho kitakachokandwa baadaye.

Jicho linavyoshiriki

Weka ncha ya kidole kwenye ngozi iliyo nje ya mkia wa jicho, bila kubonyeza, kisha mkumbuke mtu unayempenda au jambo lililokufurahisha kwa kweli, na uache tabasamu lije lenyewe. Chini ya kidole utahisi ngozi ikikusanyika kuelekea kwenye jicho, shavu litapanda, kope la chini litanyanyuka kidogo, na kwa wenye umri mikunjo midogo itatokea. Msuli unaofanya kazi hiyo ni ule wa mviringo unaolizunguka jicho, uitwao obikulari, na hasa sehemu yake ya nje, kwa kuwa sehemu ya ndani iliyo kwenye kope ndiyo ya kupepesa na kufumba.

Aliyeueleza vizuri uhusiano wa msuli huu na furaha ni tabibu wa Kifaransa, Guillaume Duchenne, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1862 baada ya kuiamsha misuli ya nyuso za watu, mmoja mmoja, kwa mkondo hafifu wa umeme. Aliona kwamba umeme ukipitishwa kwenye msuli wa shavu peke yake, mdomo hutabasamu lakini uso mzima hauonyeshi furaha, na kwamba kinachokosekana ni jicho. Yeye aliamini kuwa msuli wa jicho hauitii nia ya mtu, ila furaha ya kweli tu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba watu wengi wanaweza kuukaza kwa makusudi, kwa hiyo haifai kuutumia kama kipimo cha unafiki wa mtu. Hata hivyo msingi wa alichokiona umesimama, na hapa Lamu hauhitaji kuthibitishwa kwa umeme: mwanamke aliyevaa buibui na nikabu akikutana na jirani yake njiani, wote wawili hujua kwamba wametabasamiana, ingawa mdomo haukuonekana.

Ili utofautishe kazi za misuli hii miwili, jaribu kutabasamu kwa mdomo tu ukiwa umeacha macho wazi na tulivu, kisha jaribu kuyafinya macho kidogo kama mtu anayetazama baharini jua likiwa kali, mdomo ukiwa haujaguswa. Mtu mzima wa afya huweza kuitenganisha kwa kiasi fulani. Uwezo huu wa kutenganisha ni hazina kubwa, na kwa mgonjwa ambaye neva ya uso wake, yaani mshipa wa fahamu unaoiongoza misuli hii, imepona vibaya, huo ndio unaopotea.

Misuli inayosaidia na inayopinga

Misuli inayounyanyua mdomo wa juu hushuka kutoka chini ya jicho na pembeni mwa pua. Ukitaka kuihisi, onyesha meno ya juu ya mbele huku ukigusa pande zote mbili za pua. Hii ndiyo inayoamua kama tabasamu la mtu litaonyesha meno tu au na ufizi. Msuli wa risoria, unaouvuta mdomo pembeni bila kuupandisha, ni mwembamba, na baadhi ya watu hawana kabisa wala hawapungukiwi na kitu.

Msuli wa baksineta uko ndani ya ukuta wa shavu. Jaza hewa mashavuni kisha uibane itoke polepole katikati ya midomo. Kilichobana ni huo. Mpiga zumari katika harusi za Lamu huutegemea, maana hewa anayoiweka mashavuni husukumwa na msuli huu wakati anapovuta pumzi kwa pua ili sauti isikatike. Kwa mgonjwa una umuhimu mwingine ulio mkubwa zaidi, nao ni kukirudisha chakula kwenye meno. Ukilegea, wali na samaki hubaki kati ya shavu na ufizi.

Inayopinga tabasamu ndiyo husahauliwa. Kuna msuli unaoishusha pembe ya mdomo, ulio kati ya pembe hiyo na ukingo wa taya, na kuna platisma, shuka jembamba la msuli linalofunika shingo na kupanda hadi usoni. Nuna mbele ya kioo uione ikikaza, kisha tabasamu. Iwapo kamba za shingo zinajitokeza wakati unapotabasamu, basi unavuta juu na chini kwa wakati mmoja, na tabasamu linakuwa gumu na pana badala ya kupanda. Wengi wanaotabasamu kwa kujikaza hufanya hivyo bila kujua. Dawa yake ni kushusha mabega, kuachanisha meno na kuanza upya kwa mwendo mdogo zaidi.

Neva moja kwa kila upande

Misuli yote niliyoitaja huongozwa na neva ya uso, ambayo ni ya saba kati ya jozi 12 za neva zinazotoka kichwani. Kila upande una yake. Hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa wa sikio, hutokeza chini na nyuma kidogo ya sikio, hupenya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, na humo hugawanyika matawi makuu matano: la paji la uso na nyusi, la eneo la jicho na mfupa wa shavu, la shavu, la ukingo wa taya, na la shingo. Kutafuna hakumo katika kazi zake kubwa. Ume meno kwa nguvu huku ukigusa pembe ya taya na panja; misuli inayovimba hapo ni ya kutafuna, nayo huongozwa na neva ya tano. Ndiyo maana mgonjwa anayepewa ubani, chingamu au tambuu atafune mchana kutwa ili uso urudi, huchosha misuli ambayo haikuugua hata kidogo. Ushauri huo umeenea sana, na ningependa uachwe.

Uso ukilegea ghafla

Uso uliolegea ghafla ni jambo la hospitali siku hiyohiyo, awe mgonjwa yuko mjini karibu na Hospitali ya King Fahd au yuko Kizingitini na itabidi achukuliwe kwa boti. Mwombe anyanyue nyusi kwa nguvu. Ikiwa paji la uso linakunjamana pande zote mbili lakini mdomo umekwenda upande, huenda chanzo kiko ndani ya ubongo, kwa sababu sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, na kiharusi cha upande mmoja huiacha ikifanya kazi. Ikiwa paji nalo halikunjamani na jicho halifumbi, yaelekea neva yenyewe ndiyo iliyoathirika. Tazama pia kama mkono mmoja umekosa nguvu, au maneno yamevurugika. Kipimo hiki kimsaidie yule anayepiga simu hospitali kueleza alichokiona, wala kisitumiwe na mtu yeyote kuamua kubaki nyumbani. Kiharusi huhesabiwa kwa saa, kwa hiyo wanaosafiri kwa bahari wasingoje maji yajae iwapo kuna njia nyingine.

Kwetu watu husema mgonjwa amepigwa na upepo, na wako wanaosema jini. Siwadharau waliotangulia, na dua haimzuii mtu kwenda kwa daktari. Aina iliyo ya kawaida zaidi ya kulegea kwa neva hii imepewa jina la Charles Bell, tabibu wa Uskoti aliyeieleza mwaka 1821, na kinachotokea ni kwamba neva huvimba ndani ya ule mfereji mwembamba wa mfupa, ikajibana yenyewe. Virusi vya jamii ya vile vinavyoleta vidonda vya mdomoni hushukiwa sana. Wajawazito katika miezi ya mwisho na wenye kisukari hupatwa zaidi kuliko wengine. Dawa ya prednisoloni ikianza ndani ya saa 72 huongeza uwezekano wa kupona kikamilifu, lakini hupandisha sukari ya damu, na kwa hiyo mgonjwa wa kisukari au mjamzito lazima aiambie hospitali hali yake. Anayekwenda kwanza kuchanjwa, kupakwa mafuta ya moto au kukandwa kwa nguvu huzipoteza saa hizo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Vipele ndani ya sikio, usaha wa sikio, homa, au uvimbe mbele ya sikio navyo vitajwe kwa daktari, kwani vina matibabu yake.

Habari njema ni kwamba kati ya kila watu 10 waliopatwa na aina hii, takribani 7 hupona kabisa hata bila dawa, na wengi huanza kuona dalili za kurudi ndani ya majuma matatu.

Jicho kabla ya tabasamu

Jicho lisilofumba hukauka, na kioo cha jicho, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kikikauka huchubuka na kuweza kuharibika moja kwa moja. Tabasamu linaweza kusubiri, jicho halisubiri. Wakati wa kusi, na hasa katika mchanga wa Shela, mgonjwa asitoke bila miwani mipana. Matone ya machozi bandia yatumiwe mara kwa mara mchana na malhamu ya macho usiku kama hospitali itakavyoelekeza, na kabla ya kulala kope la juu lishushwe kwa upole hadi lifumbe kabisa, kisha libandikwe kwa plasta ya karatasi. Pamba au shashi isiwekwe moja kwa moja juu ya jicho lililo wazi, kwa sababu hukisugua kioo cha jicho. Wanja uachwe kwa muda, na kisitiwe jichoni chochote kisichotoka hospitali. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, mgonjwa arudi siku hiyohiyo.

Kumfanyisha mgonjwa mazoezi

Katika majuma ya kwanza, upande uliolegea ukiwa haujatikisika kabisa, hakuna zoezi la nguvu la kufanya. Lililopo ni kuelewa kinachoonekana. Mlingoti husimama kwa kuvutwa na kamba za pande zote. Za upande mmoja zikilegea, mlingoti hulalia upande wa pili kwa sababu kamba zilizo nzima zimebaki zikivuta peke yake. Mdomo nao huenda kwenye upande mzima kwa sababu hiyohiyo, na kila mgonjwa anapojikaza kutabasamu, upande mzima huzidi kuvuta na kuuzoea uwezo huo. Kwa hiyo mfundishe kuweka kiganja juu ya shavu lililo zima anapozungumza au kucheka, ili alizuie kwa upole. Anapokula, atafune upande mzima, kisha apitishe kidole ndani ya shavu lililolegea na kusukutua. Wakati wa kusukutua, au anapotawadha, abane midomo kwa vidole upande unaovuja ili asione haya mbele ya wenzake.

Ukandaji unaruhusiwa tangu mwanzo, mradi uwe mwepesi. Tumia ncha za vidole kutoka kwenye kidevu kupanda kuelekea kwenye mfupa wa shavu, kisha kutoka puani kuelekea sikioni, bila kuivuta ngozi kwenda chini. Tafuta kile kifundo cha pembe ya mdomo, kishike kwa kidole gumba ndani na cha shahada nje, na ukinyooshe taratibu kwenye njia ileile ya msuli wa zigomatiki, kwenda juu na nje. Dakika tano zinatosha.

Siku ambayo kioo kitaonyesha mtikisiko wa kwanza, mazoezi ya tabasamu yanaanza. Mketishe mgonjwa kama ilivyoelezwa, ukae pembeni na si mbele yake, ili aangalie kioo na asikuangalie wewe. Akiwa ni mkubwa kwako, mwombe kwa adabu na kwa maneno machache: «Bibi, nakuomba utabasamu robo tu, kisha ulegeze.» Msaidie kuunyanyua upande uliolegea kwa kidole kimoja kwenye njia ya msuli, naye auzuie upande ulio mzima kwa mkono wake mwenyewe, mpaka pembe mbili za mdomo ziwe kimo kimoja. Akae hapo kwa muda wa kuhesabu hadi tatu. Punguza msaada wa kidole kidogokidogo uone kama upande dhaifu unaweza kushikilia, kisha arudi polepole. Upande mzima ndio unaomsubiri mwenzake. Ukiona umemtangulia, tabasamu hilo limekuwa kubwa mno na lipunguzwe. Mara tano zilizofanywa kwa uangalifu, mara mbili au tatu kwa siku, zina faida kuliko mara hamsini za kujikaza, na uso ukianza kutetemeka au kuchoka, acheni.

Kwa msuli unaouzunguka mdomo, mpe maneno yenye sauti za midomo, kama vile baba, mama, pima, fumba na popo, ayatamke polepole akijitazama. Wanaosoma Qur'ani wataona kwamba herufi za mim, ba na fa ndizo zilizokuwa zinawapotea, na kisomo cha taratibu mbele ya kioo ni zoezi zuri ambalo mzee hulikubali kwa moyo kuliko kutabasamu kwa amri.

Kwa aliyepatwa na kiharusi kuna jambo moja la pekee. Amri ya kutabasamu kwa makusudi na msukumo wa kucheka kwa furaha hupita njia tofauti katika ubongo, na kwa hiyo hutokea mtu akashindwa kutabasamu anapoombwa, kisha mjukuu akaingia na uso mzima ukafunguka. Jamaa wasidhani kwamba alikuwa akijifanya. Waupokee mwendo huo, wamwonyeshe kwenye kioo, na wamwombe aufuate kwa makusudi mara moja wakati ungali upo.

Neva inapopona kwa njia isiyo yake

Nyuzi za neva zilizokatika hukua takribani milimita 1 kwa siku, kwa hiyo kutoka kwenye sikio hadi kwenye mdomo ni kazi ya miezi. Zikikua, baadhi huweza kupotea njia na kuingia katika msuli usio wao. Hapo ndipo mgonjwa akitabasamu jicho hufumba, au akifumba jicho pembe ya mdomo hupanda. Hali hii huitwa sinkinesia, na mara nyingi huonekana kuanzia mwezi wa tatu au wa nne. Wengi huifurahia mwanzoni wakiiona kuwa ni nguvu iliyorudi, wakaongeza mazoezi, na kwa kufanya hivyo wakaukaza mkosi wenyewe.

Ukiiona, punguza ukubwa wa tabasamu mpaka kiwango ambacho jicho bado linabaki wazi, hata kama ni kidogo sana, na ufanye zoezi ndani ya kiwango hicho tu, macho yakiwa yametulia. Ongeza kwa kadiri jicho linavyokubali. Ukandaji wa kunyoosha uendelee, hasa kwenye shavu na shingo, kwa sababu misuli hiyo sasa hukaza kupita kiasi badala ya kulegea. Mashine za umeme za kusisimua misuli zisitumiwe nyumbani. Mtaalamu wa tiba ya viungo amwone mgonjwa katika hatua hii, na zipo sindano za botulini ambazo madaktari bingwa huzitumia kuulegeza msuli unaoingilia kazi ya mwenzake.

Piga picha ya video mara moja kwa juma, mahali palepale na saa ileile: uso ukiwa umetulia, nyusi zikinyanyuliwa, macho yakifumbwa taratibu, tabasamu dogo, kisha tabasamu kubwa mara moja tu. Ikiwa hakuna mtikisiko wowote hadi mwisho wa mwezi wa tatu, au udhaifu unazidi badala ya kupungua, mgonjwa arudishwe hospitali na video hizo, na aombe rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo au wa neva. Kusiwe na kungoja mwaka wa pili. Msuli uliokaa bila neva kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili hupoteza uwezo wa kuamshwa, na baada ya hapo linalobaki ni upasuaji mkubwa wa kuhamisha msuli mwingine, kama ule wa paja ambao Kiyonori Harii wa Japani na wenzake waliripoti mwaka 1976 kuuhamishia usoni, ilhali kabla ya muda huo kupita neva yenyewe huweza kuunganishwa na misuli ile ile aliyozaliwa nayo mtu ikatumika.